Betri Ndogo

Lori lilikuwa limeegemea ubavu kando ya tuta, magurudumu yake mawili ya kushoto yamezama katika tope jeusi, na mizinga ya nyuki iliyofungwa mgongoni mwake imeinama yote upande mmoja. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua la Usangu lilikuwa limeshaanza kuuma. Tusekile aliliona kwa mbali, akapunguza mwendo, kwa kuwa sheria ilimtaka apunguze.

"Gari limekwama mbele yetu," alisema Mlinzi, sauti iliyokaa ndani ya dashibodi. "Sisi tuna winchi. Nipime uwezo?"

"Pima."

Tangu mvua zigeuke na kunyesha miezi minane kwa mwaka, hakuna aliyesafiri bondeni bila kukwama, na hapakuwa na serikali ya kumfuata kila mtu alikokwama. Ndipo ilipotungwa Sheria ya Kamba: mwenye winchi akimkuta aliyekwama, humvuta. Aliruhusiwa kupita kwa sababu moja tu, kwamba gari lake au mzigo wake hauruhusu, na sababu hiyo aliitamka mwenyewe huku kidole gumba chake kikiwa juu ya kioo. Hakuna aliyekwenda kukagua baadaye. Waliotunga sheria walisema kwamba nchi isiyoweza kuamini neno la dereva haitaokolewa na winchi.

Katika miaka kumi na moja ya udereva, Tusekile hakuwahi kuweka kidole hicho.

"Betri kubwa ina asilimia sabini na nane," alisema Mlinzi. "Betri ndogo, ikiwa imepumzika, inaonyesha volti kumi na mbili na nusu. Siwezi kujua itakuwaje ikibebeshwa mzigo mpaka ibebeshwe. Mzigo wa nyuma, moyo mmoja, una saa sita na dakika ishirini. Safari iliyobaki ni saa mbili. Uwezo upo."

Mwanamke mmoja alishuka kutoka tutani, gauni limeloa mpaka magotini, akasogea dirishani. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye uso mpana uliotulia.

"Za safari, dada."

"Nzuri, mama. Poleni."

"Tumeshapoa. Mimi Milembe, na yule pale ni mume wangu, Mihambo." Mwanamume aliyeinama chini ya lori alinyanyua mkono wenye tope. "Maji yameingia betri kubwa, imejizima. Tumebaki na ile ndogo tu, ndiyo inayozungusha feni za mizinga. Ukituvuta tukasimama wima, tutakausha na kuondoka."

Tusekile aliiangalia mizinga. Ilikuwa arobaini, kila mmoja na feni yake ndogo ikivuma. Kila mtu bondeni alizijua feni hizo. Nyuki wa porini walikuwa wamekwisha zamani, na hawa wa kufugwa ndio waliozungushwa shamba hadi shamba ili alizeti na maboga yashike. Aliyekuwa na mizinga arobaini alikuwa ameshika chakula cha vijiji vitano.

Alijua pia jambo ambalo Mlinzi hakulijua. Wiki iliyotangulia, kwa siku tatu mfululizo, alikuwa ameitumia winchi ya kazini kung'oa visiki katika kiwanja chake anachojenga. Ili Mlinzi asiandike kitu alilizima gari, akaunganisha winchi moja kwa moja na betri ndogo, akavuta. Gari likiwa limezimwa hakuna kinachoirudishia betri ndogo umeme wake. Winchi huinywa mpaka mashapo. Siku ya tatu aliikuta imevimba ubavu mmoja. Ilimpasa aripoti. Lakini angeripoti, gari lingelazwa siku tisa likisubiri betri mpya, na mtu angemuuliza visiki vya nani. Aliifunika na mfuniko wake, akanyamaza.

Sasa, akiibebesha mzigo mbele ya Mlinzi, kila kitu kingeandikwa.

"Mama," alisema, na akasikia sauti yake ikilainika yenyewe, "nimebeba moyo wa mtoto. Umeoteshwa kitaluni miezi saba, mtoto yuko mezani anausubiri. Hauwezi kusubiri hata kidogo."

Milembe alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyegundua kwamba amesimama mlangoni pa wagonjwa.

"Basi nenda, mwanangu," alisema. "Mbona unaongea nasi? Nenda."

Tusekile aliweka kidole kwenye kioo. "Mzigo hauruhusu," alitamka.

"Neno la dereva limepokelewa," alisema Mlinzi, aliyejua kwamba moyo una saa sita lakini hakuumbwa kubishana.

Aliondoka. Masikio yalikuwa yanamwaka moto, na kwa mwendo mrefu hakutazama kioo cha nyuma.

*

Korongo la Isitu lilikuwa kilomita mbili mbele. Kwa kawaida maji yake hayafiki magotini, lakini usiku uliopita milima ilikuwa imenyeshewa, na ukingo wa pili ulikuwa umemomonyoka. Gari lilivuka maji vizuri, likaanza kupanda, kisha likateleza kinyumenyume na kukaa. Magurudumu yalizunguka bila kushika chochote. Maji yaligonga mlango polepole.

Tusekile hakushtuka sana. Alitoa waya wa winchi, akapanda ukingo, akauzungushia mti wa mgunga, akarudi na kubonyeza kitufe.

Magari yale yalikuwa na betri mbili. Kubwa, iliyo sakafuni, ndiyo iliyosukuma magurudumu. Ndogo iliwasha taa, ubongo wa gari, winchi, na swichi nzito iliyoiunganisha betri kubwa na gari lenyewe. Winchi ikivuta kwa nguvu zake zote hutaka ampea mia nne. Kigeuzi, kifaa kinachoteremsha umeme wa betri kubwa kuupeleka ndogo, kilitoa mia na ishirini tu. Zilizobaki, mia mbili na themanini, zilitoka ndani ya betri ndogo, dakika kwa dakika. Betri nzima iliweza kubeba pengo hilo kwa muda, ikapumzishwa, ikabeba tena.

Iliyovimba haikuweza. Waya ulikaza, gari likasogea kama nusu mita, na sauti ya winchi ikashuka kutoka mlio hadi mgumio.

"Volti kumi na moja," alisema Mlinzi. "Kumi na nusu. Tisa na... nimetuma wito wa msaada kwa magari ya karibu. Tusekile, betri ndogo—"

Kioo kikazima. Ndani ya sakafu kulisikika mshindo mmoja mzito: ile swichi imeachia. Betri kubwa ilikuwa bado na asilimia sabini na tano, umeme wa kutosha kufika mjini na kurudi, na hapakuwa na njia ya kuutoa, kwa sababu ufunguo wake ulikuwa katika ile ndogo.

Alikwenda nyuma kutazama sanduku la moyo. Lilikuwa na betri yake na saa yake. Namba za kijani zilisomeka saa tano na dakika arobaini na tano. Kwenye kidirisha cha kioo, ule moyo ulipiga ndani ya maji yake, mdogo, usiojua ni wa nani. Maji ya korongo yalikuwa yamepanda kiganja kimoja tangu afike. Upande wa milimani mbingu ilikuwa nyeusi.

Kule kwenye lori alikuwa amesema moyo hauwezi kusubiri, na haikuwa kweli. Sasa ilikuwa inaanza kuwa kweli.

*

Aliwaona wakija kwa miguu juu ya tuta, na kwanza hakuelewa walichobeba. Walikuwa na mti begani, mmoja mbele na mmoja nyuma, na katikati, ndani ya gunia lililofungwa kamba, kulikuwa na kitu kizito kilichoning'inia. Walipoingia majini ndipo alipoona ni betri.

"Wito umetufikia," alisema Mihambo akihema. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu chache na mikono ya fundi. "Gari lako limezimika kabisa?"

"Limezimika. Winchi imelimaliza."

"Basi tushikane. Nyaya za kubusti ziko wapi?"

"Nyuma, pembeni ya sanduku."

Mihambo alikwenda nyuma kuzichukua. Alikaa huko kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akarudi, akafungua boneti na kuondoa mfuniko wa betri ndogo. Hapo pia alikawia, kiganja juu ya betri. Tusekile alitazama maji. Alisubiri aulizwe.

"Mama Limi, nishikie hii chanya," ndilo neno pekee alilosema Mihambo, akimwambia mkewe.

Walipounganisha, kioo kiliwaka na swichi ya sakafuni ikagonga tena. Mihambo alimzuia Tusekile asibonyeze kitufe. Alitaka kapi. Tusekile alikuwa nayo kwenye sanduku la zana, mpya, hajawahi kuitumia. Mihambo aliifunga kwenye mgunga, akapitisha waya ndani yake, akaurudisha na kuufunga kwenye gari lenyewe.

"Sasa mzigo umegawanyika," alieleza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kueleza zaidi. "Utavuta taratibu, lakini winchi itakula nusu. Vuta mpaka nikwambie. Halafu unaacha, kigeuzi kijaze. Usiwe na haraka ya kuiua na hii."

Walivuta na kuacha, wakavuta na kuacha. Milembe alisimama kwenye maji akiweka mawe nyuma ya magurudumu kila gari lilipopumzika. Mara ya tano gari lilitoka, likasimama juu ya ukingo, maji yakichuruzika.

Ndipo Tusekile alipouliza jambo ambalo lilimpasa aulize mwanzo.

"Na feni za mizinga?"

Milembe alikuwa anakamua gauni lake. "Zimesimama," alisema. "Tumewafungulia milango. Jua si kali sana leo."

Jua lilikuwa kali mno, wote watatu walikuwa wamesimama chini yake.

"Chukueni betri yenu," alisema Tusekile. "Gari linatembea sasa."

"Nikiichomoa, ile yako itafanya swichi iachie tena kabla hujafika popote," alisema Mihambo. Hakumtazama. "Nenda nayo."

"Ni mtoto," alisema Milembe. "Nyuki wanazaliwa tena."

Tusekile alikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Maji yalikuwa yanapanda, wao walipaswa kuvuka kurudi kabla ya mafuriko, yeye alipaswa kwenda. Lakini sentensi moja ilitosha, na nafasi ya sentensi moja ilikuwepo. Aliufungua mdomo, akasema, "Mungu awabariki." Akapanda gari.

Nusu saa baadaye korongo lilijaa, na hakuna aliyelivuka tena siku hiyo.

*

Mtoto aliitwa Ipyana, msichana wa miaka tisa, na moyo ulimkubali. Wiki ya tatu alitembea mwenyewe mpaka dirishani. Kitaluni walifanya sherehe ndogo, chai na maandazi, na mkuu wa kitalu alisimama kumsifu dereva aliyefika na mzigo licha ya korongo.

"Tusiwasahau," alisema mkuu, "wale wafuga nyuki waliotoa betri yao. Mizinga thelathini na minane kati ya arobaini ilikufa siku ile. Tuwapigie makofi."

Walipiga makofi. Tusekile naye alipiga, kwa sababu mikono yake haikujua ifanye nini kingine. Hivyo ndivyo alivyopata habari.

Mama yake Ipyana alimfuata baadaye ukumbini, akapiga magoti, akamshika miguu. Tusekile alimwinua kwa nguvu kiasi cha kumwumiza mkono. "Usinipigie magoti, mama," alisema. "Tafadhali usifanye hivyo." Mwanamke yule alidhani ni unyenyekevu, akamwelezea kila mtu.

Gari lilipewa betri mpya bila swali. Fundi aliandika kwamba ile ya zamani iliharibikia korongoni, ikiokoa mtoto.

Kiwanjani kwake, mahali pa visiki palikuwa pamesawazishwa, tayari kwa msingi. Mafundi walimpigia simu kuuliza waanze lini. Aliwaambia wasubiri. Hakuweza kula hadharani. Kila aliposhika kitonge aliona watu wakimtazama kwa heshima, akakirudisha sahanini. Wiki ya sita aliomba ruhusa ya siku moja, akapakia betri mpya mbili alizozitafuta mwenyewe, akaendesha mpaka Ng'ombola, kwa wale wafuga nyuki.

*

Mihambo alikuwa chini ya banda la nyasi akipiga msumari kwenye mzinga mtupu. Mizinga mingine mitupu ilipangwa nyuma yake hadi ukutani. Alipomwona aliweka nyundo chini, akafuta mikono.

"Karibu, dada. Mtoto anaendeleaje?"

"Anatembea. Anapumua vizuri."

"Hilo ni jema." Alimwonyesha kigoda. Tusekile hakukaa.

"Kaka Mihambo, nimekuja kusema kitu. Siku ile—"

"Betri yako ilikuwa imevimba," alisema Mihambo. "Na haikuvimba siku ile. Betri iliyovimba leo ina joto; yako ilikuwa ya baridi, na chumvi ya kijani ilishaota kwenye vichwa vyake. Na nilipokwenda kuchukua nyaya, nilisoma namba kwenye sanduku. Moyo ulikuwa na zaidi ya saa tano."

Tusekile alisikia damu ikipanda usoni, taratibu, kama maji yale ya korongo.

"Ulijua," alisema. "Ulijua ukanipa."

"Ningefanyaje? Ningekuuliza, ungeanza kujieleza, na muda haukuwepo. Mtoto hakuwa amenidanganya kitu." Aliokota msumari, akaugeuza vidoleni. "Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Halafu tukafika kwenye lori, sikuwa na hasira tena. Palikuwa na kimya tu pale."

"Nimeleta betri mbili."

"Nimeziona. Asante. Lakini hukuja kwa ajili ya betri."

"Hapana."

"Basi si mimi wa kuambiwa." Alielekeza kidevu chake nyumbani. "Mama Limi hajui. Kila jioni ananiambia, tulifanya vyema, baba Limi, tulifanya vyema. Mimi naitikia. Nimeitikia wiki sita. Siwezi kumwambia, na kuendelea kuitikia siwezi."

Milembe alikuwa ndani, ameketi mkekani akichambua mbegu za maboga kwenye ungo. Alimkaribisha kwa furaha ya kweli, akataka kuinuka amtafutie chai. Tusekile alimwomba asiinuke. Alipiga magoti mbele ya ungo, akasema yote, kuanzia visiki. Alijaribu kutoweka neno la kujitetea popote, na kila lilipokuja alilimeza. Aliposema, "Moyo ulikuwa unaweza kusubiri," mikono ya Milembe iliacha kuchambua.

"Kutuvuta kungechukua muda gani?" aliuliza Milembe baadaye.

"Kwa betri nzima, dakika nne. Kwa ile yangu, na kapi, na kupumzisha, labda robo saa."

"Robo saa."

"Ndiyo, mama."

Milembe alizitazama mbegu. "Nyuki wakizidiwa na joto," alisema, "hawakimbii. Wanatoka mpaka mlangoni mwa mzinga, wanasimama mstari, wanapiga mabawa ili hewa iingie kwa malkia na watoto. Tulipofika tuliwakuta hivyo. Mizinga thelathini na minane. Wamekufa wamesimama mstari mlangoni, vichwa vyote vimeelekea ndani. Niliwakusanya kwa mkono, nikajiambia, ni kwa ajili ya mtoto. Nikiokota, nasema, kwa ajili ya mtoto."

Tusekile hakusema pole. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, akaliona ni dogo na la aibu, kama kumletea mtu aliyeunguliwa nyumba yake kikombe cha maji.

"Umewaambia wakubwa wako?"

"Bado. Nimetaka nianzie hapa. Nikitoka hapa nakwenda kukiri kwamba neno langu kwenye kumbukumbu lilikuwa la uongo. Wataninyang'anya leseni."

"Watakunyang'anya," alikubali Milembe, bila chuki na bila huruma. Kisha akainua uso kuelekea mlangoni, ambako mumewe alikuwa amesimama, nyundo ingali mkononi. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Baba Limi. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu pale majini."

Milembe aliusogeza ungo pembeni, polepole, mbegu zisimwagike. Alipozungumza tena alizungumza na Tusekile, lakini macho yake hayakumwacha mumewe.

"Wewe nenda," alisema. "Huyu nina maneno naye."

Tusekile aliinuka. Alipita kando ya Mihambo, aliyesogea kumpisha lakini hakumtazama, akatoka uani, akashusha zile betri mbili moja moja na kuziweka kivulini chini ya banda. Alisubiri kidogo pale, kama mgeni anavyosubiri. Katika nyumba za watu wale, hata mtu aliyekuja kudai hufikishwa mpaka njia panda, akaagwa kwa mkono.

Hakuna aliyemsindikiza. Alitembea peke yake mpaka kwenye gari, na ndani ya nyumba nyuma yake ilianza sauti ya Milembe, ya chini, isiyo na haraka, ikiuliza swali moja baada ya jingine.